Mwongozo wa Kutatua Migongano ya Matoleo ya Maktaba za Programu kwenye Linux

Kwa wakazi wa Thorncliffe Park, Toronto, wanaokompaili programu huria kwa ajili ya kazi

1. Mwongozo huu unamhusu nani

Katika maghorofa ya Thorncliffe Park Drive, kompyuta moja mara nyingi hubeba shughuli za nyumba nzima. Mzazi akirudi kutoka zamu hujifunza kazi ya seva, watoto hufanyia kazi za shule, na Aprili ikifika ritani ya kodi hujazwa hapohapo. Anayekompaili programu kwenye mashine ya namna hiyo ana wajibu wa kutoiharibu. Kanuni inayoongoza yote yafuatayo ni hii: maktaba za mfumo ziachwe kama zilivyo, na programu mpya ndiyo itafutiwe mahitaji yake.

Mifano imetolewa kwa Ubuntu na Debian. Wanaotumia Fedora watumie `dnf` badala ya `apt`.

2. Tambua kwanza hatua iliyokwama

Ujumbe wa kosa hutaja tatizo lilipo. Soma kosa la kwanza, kwa sababu mengi yanayofuata huwa ni matokeo yake tu.

(a) *Wakati wa maandalizi.* `No package 'openssl' found` maana yake `pkg-config` haikupata maelezo ya maktaba. Mara nyingi maktaba yenyewe ipo. Kinachokosekana ni kifurushi cha wasanidi, ambacho jina lake huishia na `-dev`.

(b) *Wakati wa kukompaili.* `openssl/ssl.h: No such file or directory` ni upungufu uleule: faili za vichwa hazipo, au kompaila haikuelekezwa zilipo.

(c) *Wakati wa kuunganisha.* `undefined reference` mara nyingi huonyesha kuwa vichwa ni vya toleo moja na maktaba iliyounganishwa ni ya toleo jingine, au maktaba haikutajwa kabisa.

(d) *Wakati wa kuendesha.* `libssl.so.1.1: cannot open shared object file` maana yake programu iliunganishwa na toleo ambalo mashine hii haina.

3. Soma namba ya maktaba

Namba iliyo baada ya `.so` si pambo. Ni tamko la wasanidi kwamba maktaba zenye namba tofauti hazibadilishani. OpenSSL 1.1.1 hutoa `libssl.so.1.1`; OpenSSL 3.0, iliyotolewa Septemba 2021, hutoa `libssl.so.3`. Ubuntu 22.04 ilihamia 3.0, na ndiyo maana programu nyingi za zamani zilikwama hapo. Ruby ni mfano mzuri: matoleo yaliyotangulia 3.1 hayakuandikwa kwa ajili ya OpenSSL 3, hivyo kiendelezi chake cha `openssl` hakikompailiki kwenye mfumo huo.

Kujua programu yako inadai nini, tumia `readelf -d programu | grep NEEDED`. Kujua mfumo una nini, tumia `ldconfig -p | grep libssl`. Amri ya `ldd` huonyesha yote mawili kwa pamoja, lakini usiitumie kwa faili usiloliamini, kwani inaweza kuliendesha.

4. Hatua za utatuzi, kwa mpangilio

*Kwanza*, sakinisha mahitaji kutoka kwenye hazina ya mfumo. Ikiwa programu hiyo tayari imo katika hazina, `sudo apt build-dep jina` huleta vifurushi vyote vya kuikompailia. Sharti vyanzo vya `deb-src` viwe vimewashwa. Katika Ubuntu 24.04, fungua `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources` na uandike `Types: deb deb-src`, kisha uendeshe `sudo apt update`.

*Pili*, futa mabaki ya jaribio lililotangulia. CMake huhifadhi njia za zamani katika `CMakeCache.txt`, kwa hiyo unaweza kusakinisha maktaba sahihi na bado ukaoneshwa kosa lilelile. Anza katika folda mpya, au, kwa programu zinazotumia `./configure`, tumia `make distclean`.

*Tatu*, kagua `/usr/local/lib`. Maktaba iliyowekwa humo zamani kwa `make install` hutangulia ile ya mfumo. Migongano mingi isiyoeleweka chanzo chake ni hapo.

*Nne*, chagua toleo la programu linalolingana na mfumo wako. Kwa mfano wa Ruby, kuhamia 3.1 au zaidi kunamaliza tatizo bila kugusa OpenSSL. Njia hii ndiyo bora kila inapowezekana.

*Tano*, ikiwa kazi inadai maktaba ya toleo jingine, iweke mahali pake peke yake. Ikompaili kwa `--prefix=$HOME/opt/maktaba`, kisha uielekeze programu kwa:

`export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/opt/maktaba/lib/pkgconfig`
`export LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/opt/maktaba/lib"`

Agizo la `rpath` huandika njia hiyo ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo programu nyingine haziathiriki. Baadhi ya maktaba hutumia `lib64` badala ya `lib`. Hakikisha kabla ya kuendelea.

*Sita*, kwa mradi mzito tumia kontena la Podman au Docker lenye toleo la mfumo unaohitajika. Kupakua huko hula data nyingi; tawi la Thorncliffe la Toronto Public Library lina Wi-Fi ya bure kwa wasio na intaneti ya kutosha nyumbani.

5. Unapompelekea mwingine programu

Wengi wetu tunaandaa programu huku kwa ajili ya kompyuta za ndugu walioko Mombasa, Kampala au Dar es Salaam, na mashine hizo aghalabu ni za zamani. Zingatia `glibc`, maktaba ya msingi ya mfumo. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, na 24.04 ina 2.39. Programu iliyokompailiwa kwenye ya zamani kwa kawaida hukubali kwenye mpya. Kinyume chake huleta `GLIBC_2.34 not found` na mfano wa hayo. Kwa hiyo kompaili ndani ya kontena lenye mfumo wa zamani kuliko yote unayolenga.

6. Mambo ya kujiepusha nayo

- Usitengeneze kiungo cha `ln -s` ili `libssl.so.3` ijifanye `libssl.so.1.1`. Programu ikikubali kuwaka, inaweza kuanguka baadaye au kuharibu data.
- Usibadilishe `glibc` ya mfumo kwa mkono. Hata `ls` na `sudo` huitegemea.
- Usiweke `LD_LIBRARY_PATH` katika `.bashrc`. Itumie kwa majaribio ya amri moja tu.
- Usisakinishe kwa `--prefix=/usr`. Hiyo ni milki ya `apt`.

7. Kuhusu maktaba zilizokwisha muda

Mtu mwenye haraka hushawishika kupakua `libssl` ya zamani kutoka popote. Nchi hii inajua gharama ya kutumia maktaba yenye kasoro. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL 1.0.1 hadi 1.0.1f. Canada Revenue Agency ilifunga huduma zake za mtandaoni katikati ya msimu wa kodi, na namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zikaibwa. Tiba ilikuwa kuhamia 1.0.1g. OpenSSL 1.1.1 nayo ilikoma kupewa marekebisho ya bure Septemba 2023. Ukilazimika kuitumia, ifungie katika folda yake au kontena, na usiiruhusu ipokee miunganisho kutoka nje.

8. Weka kumbukumbu

Kwa kila programu uliyoikompaili, andika toleo lake, amri kamili ya maandalizi, maktaba uliyoitumia na folda iliko. Mfumo ukipandishwa toleo, orodha hiyo ndiyo itakayokuambia kipi kikompailiwe upya na kipi kifutwe. Mwajiri akikuuliza ulichofanya kwenye seva yake, utakuwa na jibu la maandishi.