SOMO LA WIKI: Mwenye fedha, msanifu majengo, na jengo linalolipa

Kila msimu wa mavuno unapokwisha katika mkoa wetu wa Songwe, fedha hutafuta mahali pa kukaa. Aliyeuza mahindi Momba, aliyelipwa kahawa Mbozi, na aliyefunga hesabu za mzigo wa Nakonde, wote huuliza swali moja: niiweke wapi? Hisa ziko Dar es Salaam na wengi hawajazizoea. Fedha ikibaki nyumbani huliwa na harusi na misiba. Basi wengi huishia kwenye matofali. Ukipita barabara kuu kutoka Mlowo na Vwawa hadi Tunduma unayaona mwenyewe: fremu, gesti na maghala. Mengine yamefungwa kufuli kwa kukosa wapangaji, na mengine nondo zimeota kutu juu ya ghorofa ya kwanza zikingoja faida ya msimu ujao.

Ukurasa huu umezoea bei. Leo tunasoma juu ya jengo, kwa sababu kwa mwenye mtaji mdogo jengo huenda ndiyo bidhaa kubwa kuliko zote atakayowahi kununua. Na tunataka kutazama hasa uhusiano wa watu wawili: anayetoa fedha na anayechora.

Hapa kwetu kawaida huanza hivi. Mwenye fedha anamwita fundi anamwambia, "Nataka fremu kumi na vyumba vya wageni juu." Ramani inanunuliwa, au inanakiliwa kwa jirani. Fundi anahesabu matofali na mifuko ya saruji, kazi inaanza. Hakuna aliyeuliza nani atapanga, atauza nini, mzigo wake utashushwa wapi, na mteja atafikaje kwenye mlango wa mwisho.

Tufanye hesabu ndogo, kwa namba za mfano tu. Fremu kumi kwa pango la sh. 100,000 kwa mwezi ni sh. milioni 12 kwa mwaka. Sasa chukulia fremu nne za nyuma hazipati mtu kwa sababu mteja hazioni akiwa barabarani. Umepoteza sh. milioni 4.8 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni milioni 48. Fedha hiyo hakuibiwa mtu. Ilipotea siku ile ramani ilipochorwa, na mwenye jengo atamlaumu dalali mpaka mwisho wa maisha yake.

Mfano wa kinyume chake tunao hapa hapa Tanzania, na kwa wenzetu wa Mbozi utakuwa na ladha ya pekee kwa sababu ulitokana na kahawa. Ni jengo la KNCU lililopo Moshi mjini, makao ya chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyetoa fedha hakuwa tajiri mmoja bali maelfu ya wakulima wenye vihamba vidogo. Aliyechora alikuwa mmoja wa wasanifu majengo waliojulikana sana ulimwenguni katika karne ile, Mjerumani Ernst May.

May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Kati ya 1925 na 1930 alikuwa mkuu wa mipango na ujenzi wa mji huo, na katika miaka hiyo mitano mji ulijenga nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida, zenye jua, bustani na jiko lililopangwa kwa kupima hatua za mpishi. Wasanifu kutoka nchi nyingi walikwenda kuzitazama. Mwaka 1930 alichukua kundi la wenzake akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda. Mambo hayakwenda alivyotarajia. Alipotaka kuondoka, Hitler alikuwa ameshashika madaraka Ujerumani na kwao hapakuwa tena mahali pa mtu kama yeye. Ndipo mwaka 1934 akaja Tanganyika.

Hapa ndipo pa kutilia maanani. Mtu huyu aliyepanga miji hakufika na kufungua ofisi ya michoro. Alinunua shamba karibu na Arusha akawa mkulima wa kahawa. Alikaa shambani miaka kadhaa kabla ya kurudia kazi yake mjini Nairobi mwaka 1937. Vita ilipoanza Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa Mjerumani, na baada ya kuachiliwa akaendelea na kazi Afrika Mashariki hadi aliporudi Ujerumani miaka ya 1950. Kwa hiyo wakulima wa Kilimanjaro walipompa kazi, walimpa mtu aliyejua kahawa ni nini: kwamba fedha yake huja kwa msimu, kwamba bei hupangwa mbali na anayelima, na kwamba mwaka mmoja mbaya hukausha mifuko ya kijiji kizima.

Upande wa pili wa meza nao hawakuwa wageni katika biashara. Wakulima wa Kilimanjaro walianza chama chao cha kwanza mwaka 1925, na KNCU yenyewe ilishika nafasi hiyo mwaka 1933. Walikuwa wameshaonja bei mbaya za miaka ya 1930 na ugomvi wa ndani juu ya nani auze kahawa ya nani. Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, chama kilikuwa na fedha. Kingeweza kuzigawa zote zikaishia kwenye mabati na sherehe, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini waliamua kwamba sehemu yake isimame katikati ya mji wa Moshi, mahali ambapo maduka makubwa wakati ule wa ukoloni hayakuwa ya Waafrika.

Sasa tazama walichojenga. Mtu mwenye tamaa ya jina angejenga ofisi za kuonyesha ukubwa wa chama. Jengo la KNCU lilipangwa kubeba shughuli nyingi kwa pamoja: maduka chini yanayotazama barabara, ofisi, ukumbi wa mikutano, vyumba vya wageni na mgahawa. Aliyeshuka kutoka mlimani kwa shughuli za kahawa aliweza kumaliza kazi ofisini, kununua mahitaji, kula na kulala mahali pamoja, na shilingi yake ikabaki kwenye chama chake mwenyewe. Mpangaji wa duka alilipa pango, awe anajali kahawa au hajali.

Hiyo ndiyo akili ya kibiashara iliyomo kwenye ule mchoro. Kahawa huingiza fedha mara moja kwa mwaka, pango huingia kila mwezi. Kahawa hufuata bei ya dunia, na chumba cha mgeni hufuata mji. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, KNCU ikiwemo, na kikarudishwa mwaka 1984. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa na chama kikapoteza sehemu kubwa ya kahawa yake. Chama kimepita kwenye madeni na migogoro pia, na hatutaki kukipamba. Lakini jengo lilibaki mahali pake, katikati ya mji, na milango inayotazama barabara.

Je, sifa hizi ni za msanifu peke yake? Hapana, na ushahidi unatoka kwa May huyo huyo. Mwaka 1945 alibuni nyumba ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, ya vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari, vinavyopachikwa kimoja kwa kingine hadi nyumba ikawa na umbo la tao. Kwenye karatasi ilikuwa akili kubwa: haraka, rahisi, haihitaji mafundi wengi. Zilijengwa chache za majaribio na mambo yakaishia hapo. Alikuwa amefikiri kwa niaba ya watu ambao hawakumpa kazi, hawakukaa naye mezani, wala hawakusema wanataka kuishi vipi. Mpango wake mkubwa wa kupanua mji wa Kampala wa miaka ile ile nao ulitekelezwa kwa sehemu tu. Pale Moshi kipaji kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka ni mteja anayejua biashara yake na mwenye fedha yake mkononi.

Wasomaji wengine watasema, lakini msanifu mwenye maono makubwa humfilisi mwenye jengo. Hofu hii ina msingi, na mfano maarufu uko Marekani. Mwaka 1936 H. F. Johnson, mwenye kampuni ya kutengeneza nta ya kusugulia sakafu katika mji mdogo wa Racine, alimpa kazi Frank Lloyd Wright, mzee wa karibu miaka 70 ambaye wengi waliona wakati wake umekwisha. Wright alichora ukumbi wa ofisi wenye nguzo nyembamba chini na pana juu kama uyoga. Wakaguzi wa serikali wakakataa: nguzo nyembamba hivi haiwezi kubeba paa. Ilitakiwa kubeba tani 12. Mwaka 1937 nguzo moja ilisimamishwa uwanjani ikapakiwa mifuko ya mchanga na vyuma hadi tani 60 ndipo ikaangushwa. Kibali kikatoka. Jengo lilimalizika mwaka 1939, na sifa zake zikaipa kampuni tangazo ambalo fedha isingenunua. Lakini gharama zilipita makisio kwa mbali, na paa la mirija ya kioo lilivuja kwa miaka mingi.

Johnson alikuwa na kiwanda kinachoingiza faida, aliweza kubeba. Mwenzangu wa Tunduma mwenye mtaji wa malori mawili ya mahindi hawezi. Kwa hiyo la kuchukua kwa Wright ni lile la nguzo: kitu kipya kijaribiwe mbele ya macho ya mwenye fedha kabla ya kukijenga mara sitini. La paa tumwachie mwenyewe.

Turudi mpakani. Tunduma ina hali yake. Kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, na kazi yake ni kuhakikisha lori halikai. Aliyejenga gesti kwa hesabu ya dereva anayelala siku tatu kwenye foleni amejenga juu ya tatizo ambalo serikali mbili zinajitahidi kuliondoa. Foleni ikirefuka anapata, ikifupika anakaa na mashuka yake. Jengo hilo hilo lingekuwa na maduka ya jumla chini, chumba cha wakala wa forodha, na stoo nyuma yenye njia ya gari kugeuka, lingemlipa katika hali zote mbili. Lakini mchanganyiko huo haubandikwi baadaye. Ngazi, vyoo, njia ya mzigo na mlango wa mgeni wa usiku lazima vipatane tangu kwenye karatasi.

Mwandishi huyu aliwahi kukodi ghala moja hapa mkoani kwa ajili ya mahindi. Lilikuwa zuri kwa macho, limepakwa rangi, bati jipya. Bati hilo lilikuwa chini mno na hakukuwa na tundu la hewa hata moja. Mchana lilikuwa tanuri, usiku bati lilitoa jasho likadondokea magunia. Tulipofungua baada ya wiki sita safu ya juu ilikuwa na ukungu na mnunuzi akakataa mzigo wote kwa hofu ya sumukuvu. Mwenye ghala alisikitika kweli. Alisema hakuna aliyemwambia. Ni kweli hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakumuuliza mtu ambaye kazi yake ni kujua hewa inapita wapi.

Basi ukienda kwa msanifu, mpelekee biashara yako. Idadi ya vyumba ataipata yeye. Mwambie mzigo unaingia saa ngapi na kwa gari gani. Mwambie mwezi upi fedha inaingia na mwezi upi unakopa. Mwambie ukweli wa mtaji wako, pamoja na ule usiomwambia shemeji yako, ili achore jengo linaloweza kuishia ghorofa ya chini likaanza kulipa, na ghorofa ya pili ikaja msimu mwingine bila kubomoa kitu. Msanifu anayeanza kuchora kabla ya kuuliza hayo, mshukuru na uende kwa mwingine.

Mtazame pia kama anatambulika. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ina orodha ya waliosajiliwa, na kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Mlipe kwa hatua: mchoro wa awali, michoro kamili, usimamizi. Makisio ya mkadiriaji yawepo kabla msingi haujachimbwa, na kibali cha ujenzi kitoke halmashauri kabla ya tofali la kwanza, maana alama ya X ya rangi nyekundu haijali ulitumia kiasi gani. Mkishakubaliana, kila badiliko liandikwe na bei yake. Fedha nyingi za ujenzi hupotelea kwenye maneno ya "ongeza hapo kidogo" yanayosemwa jioni mwenye jengo akipita na rafiki zake.

Mvua zetu huanza karibu na Novemba. Anayetaka kuchimba msingi baada ya mvua zijazo ana muda wa kutosha wa kukaa na msanifu sasa. Bei za mahindi, maharage na kahawa za juma hili ziko kwenye safu inayofuata.