SOMO LA BAIOLOJIA: UTANDO WA SELI NA SIRI YA MAJI YA CHUMVI NA SUKARI



Mtoto akiharisha, tunaambiwa tumpe maji yenye chumvi na sukari. Chumvi tunaielewa, kwani mwili huipoteza pamoja na maji. Je, sukari ni ya nini? Ni ya kumfanya mtoto ayapende tu? La. Jibu limo katika utando wa seli.

UTANDO UMEJENGWAJE?

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando. Utando huu ni mwembamba mno: ukipanga 100,000 moja juu ya nyingine, unene wake hautazidi milimita 1.

Umefanywa kwa tabaka mbili za mafuta yaitwayo fosfolipidi. Kila chembe ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Kwa kuwa ndani na nje ya seli kuna maji, vichwa huelekea pande hizo mbili, na mikia hujificha katikati. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson walieleza kuwa utando si mgumu kama ukuta wa matofali. Chembe zake husogea huku na huku, na protini zimepachikwa ndani yake.

KAZI ZAKE

1. Hutenganisha vilivyo ndani ya seli na vilivyo nje.
2. Huchagua cha kupita. Oksijeni hupenya yenyewe katika mafuta. Chumvi na sukari hupitia milango ya protini.
3. Hupitisha maji kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi. Hii ndiyo osmosisi. Loweka zabibu kavu usiku. Asubuhi utazikuta zimevimba.
4. Husukuma. Pampu ya protini hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, kwa nguvu itokanayo na chakula.

KIPINDUPINDU KINAFANYAJE?

Sumu ya vijidudu vya kipindupindu huzifanya seli za utumbo ziache wazi milango ya kloridi. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata, na maji hufuata vyote viwili. Mgonjwa huweza kukaukiwa na maji na kufa kwa saa chache. Akinywa maji matupu, hayatoshi, kwa sababu hakuna kitu cha kuyavuta yaingie mwilini.

Lakini uko mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi. Mlango huo hupitisha glukosi 1 pamoja na sodiamu 2. Bila glukosi, sodiamu haipiti hapo. Zikiingia pamoja, maji huzifuata. Basi sukari ndiyo inayoiingiza chumvi, na chumvi na sukari huyavuta maji.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi nchini India. Maji ya kutundikiwa mishipani yalipokwisha, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

KIPIMO NYUMBANI

Pakiti ya ORS ni bora zaidi. Fuata maelezo yake. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe. Sukari ikizidi, osmosisi itavuta maji kurudi utumboni na kuharisha kutaongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kwa sababu hiyo, soda si badala yake. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na yakipita saa 24 mwaga utengeneze mengine. Mtoto akilegea, macho yakidumbukia, akishindwa kunywa au akitoa damu, mpeleke hospitali haraka.

MASWALI

1. Kwa nini mikia ya fosfolipidi hukaa katikati ya utando?
2. Mama amekosa sukari akatumia maji na chumvi tu. Eleza kwa nini hayatamfaa mtoto vya kutosha.
3. Jirani anasema sukari ikiongezwa mtoto atapata nguvu. Utamjibu nini?