KABLA YA KUZAMA, PIMA MAJI NA UJIPIME MWENYEWE

Ndugu mfanyakazi, maji ya baraje ya umeme, kama ile ya Nzilo karibu na Kolwezi, yanaonekana yametulia. Wewe mzamaji, usiyaamini. Jiulize kwanza maneno manne.

1. Maji yanakwenda wapi? Mlango wa turbini ukiwa wazi, maji yatakuvuta na kukubana kwenye vyuma vya kuzuia takataka. Wenzako wa juu hawataweza kukutoa. Turbini isimame, mlango ufungwe, na ufunguo ukae mkononi mwa kapita wa wazamaji. Kuambiwa tu «tumefunga» hakutoshi.

2. Utaona nini? Baada ya mvua maji hujaa matope, na miti iliyozama hunasa kamba.

3. Utashuka metre ngapi? Huku kwetu tuko zaidi ya metre 1 000 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Hesabu za kupanda zilizoandikwa kwa wazamaji wa bahari lazima zisahihishwe. Ukipanda mbio, azoti iliyoingia mwilini inageuka mapovu, nayo yanaweza kukulemaza.

4. Wewe ni mzima? Mafua huziba masikio, na maji yanaweza kuyapasua. Pombe ya jana huharibu akili.

Jibu moja likiwa baya, usizame. Na wewe mama, kama bwana amekohoa usiku kucha, mwambie apite kwanza kwa muganga. Vyuma vitasafishwa kesho. Baba wa watoto hana mwingine wa kumbadilisha.