Mtoto Mnene na Sukari ya Mama

Ndugu zangu, husemwa kwetu kwamba mtoto azaliwaye mnene kupita kiasi ni neema, au ndiyo asili ya kabila lake. Tusiharakishe. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, uliofanywa mahali panane duniani, pakiwamo Parklands ya Nairobi na Maskati, ulionyesha kuwa watoto wa mama wenye afya na lishe njema hukua tumboni takriban sawasawa. Lakini mama akiwa na maradhi ya sukari, sukari yake huvuka kondo la nyuma. Insulini yake haivuki. Basi kongosho la mtoto hutoa insulini yake mwenyewe kwa wingi, nayo ndiyo homoni imnenepeshayo. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukatika ghafula na insulini ingali tele, na hapo ndipo penye hatari. Mama apimwe kati ya juma la 24 na la 28, hata akijiona mzima.