Treblinka leo: maswali na majibu kuhusu kambi iliyofutwa

Jina la Auschwitz linajulikana hata kwa mtu asiyefuatilia historia. Treblinka haijulikani kiasi hicho, ingawa waliouawa hapo kwa mwaka mmoja na kidogo wanakisiwa kuwa kati ya 700,000 na 900,000, karibu wote Wayahudi. Nadhani sababu kubwa ni hii: Auschwitz kuna majengo, kuna lango, kuna marundo ya viatu. Treblinka hakusimami ukuta hata mmoja wa wakati ule. Ndiyo maana maswali kuhusu mahali hapa huwa mengi, na mengi yanastahili jibu refu.

Treblinka iko wapi, na ilikuwa kambi ya namna gani?

Iko Poland, kilomita 80 hivi kaskazini-mashariki ya Warsaw, ndani ya msitu wa misonobari. Kulikuwa na kambi mbili. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1941, kambi ya kazi ngumu iliyojengwa kwenye machimbo ya kokoto. Ya pili, kilomita mbili hivi kutoka hapo, ilianza kazi tarehe 23 Julai 1942, na hiyo haikuwa na kazi nyingine ila kuua.

Watu huichanganya na kambi za mateso za kawaida. Kwenye kambi ya mateso mfungwa alipewa namba, nguo na jembe, akafa polepole au akapona. Treblinka ya pili haikuwa na mabweni ya kulaza waliokuwa wakiletwa. Treni ilisimama, watu wakaamriwa kuvua nguo, wakasukumwa kwenye njia nyembamba yenye uzio uliofunikwa matawi, na mwisho wa njia hiyo kulikuwa na vyumba vilivyojazwa moshi wa injini. Saa mbili au tatu zilitosha. Wachache waliobakizwa walikuwa wa kupanga nguo za marehemu na kushughulikia miili.

Sehemu yote ilikuwa na ukubwa wa hekta 17 tu. Ilisimamiwa na Wajerumani wapatao 30 wa kikosi cha Kinazi cha SS na walinzi wasaidizi mia moja na kitu. Katika miezi miwili ya mwanzo waliletwa zaidi ya watu 250,000 kutoka geto la Warsaw peke yake, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi wa mji huo.

Kwa nini hakuna jengo lililobaki? Lilipigwa mabomu?

Hapana. Wauaji wenyewe ndio waliosafisha. Mapema mwaka 1943, baada ya Heinrich Himmler, mkuu wa SS, kufika hapo, ilitolewa amri makaburi ya halaiki yafukuliwe na miili ichomwe juu ya vyuma vya reli. Kazi hiyo ilifanywa kwa miezi, na waliolazimishwa kuifanya walikuwa wafungwa Wayahudi waliojua kwamba ikiisha ni zamu yao.

Tarehe 2 Agosti 1943 wafungwa hao waliasi. Walikuwa wamechongesha ufunguo wa ghala la silaha kwa siri. Walitia moto mabanda na kuvamia uzio. Takriban 200 walifanikiwa kutoka, na kati yao wapatao 70 ndio waliouona mwisho wa vita. Vyumba vya gesi vilikuwa vya matofali, havikuungua, na treni kadhaa za mwisho zilipokelewa mwezi huohuo. Kisha kambi ikabomolewa. Matofali yalijengea nyumba ya shamba, mlinzi mmoja akawekwa humo ajifanye mkulima, na juu ya ardhi yote ikapandwa mimea ya lupini.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, nayo ni chungu kuisimulia. Vita vilipokwisha, watu wa vijiji vya jirani walikuja na makoleo kutafuta dhahabu kwenye majivu, na hata askari wa Kisovieti walishiriki. Rachel Auerbach, mwandishi Myahudi aliyenusurika Warsaw, alifika Novemba 1945 pamoja na tume ya uchunguzi ya Poland. Aliikuta ardhi imejaa mashimo na mifupa imetapakaa juu. Kwa hiyo mtu akikuambia Treblinka iliachwa ilivyo, hana habari. Ilivurugwa mara mbili, na mara ya pili Wanazi walikuwa wameshaondoka.

Kama ushahidi uliharibiwa, idadi ya waliouawa inajulikanaje?

Kwa njia kadhaa zinazokubaliana. Ipo simu ya maandishi iliyotumwa Januari 1943 na ofisa wa SS Hermann Höfle, ikanaswa na Waingereza, kisha ikalala kwenye nyaraka zao hadi ilipogunduliwa mwaka 2000. Inatoa hesabu ya Treblinka hadi mwisho wa 1942: watu 713,555. Hiyo ni hesabu ya wauaji wenyewe, kabla hata mwaka 1943 haujahesabiwa.

Ushahidi wa pili ni wa Franciszek Ząbecki, Mpolandi aliyekuwa mfanyakazi wa reli kwenye stesheni ya Treblinka. Alikuwa akiziona treni zikipita zimejaa na kurudi tupu. Alihesabu. Alificha hati za mizigo zilizoonyesha mabehewa yakirejeshwa bila kitu, na miaka mingi baadaye akazipeleka mahakamani Ujerumani. Mimi kila nikisoma habari za mtu huyu huwaza hatari aliyoibeba kwa kuiba karatasi ambazo mwenzake angeziona takataka.

Wa tatu ni wa manusura. Samuel Willenberg alikuwa kijana wa miaka 19 alipofikishwa pale, akawekwa kwenye kundi la kupanga nguo. Siku moja katika rundo alizitambua nguo za dada zake wawili. Ndivyo alivyopata habari zao. Alitoroka siku ya uasi akiwa na risasi mguuni, akahamia Israeli, na uzeeni alichonga sanamu za shaba za aliyoyaona. Alifariki Februari 2016, manusura wa mwisho wa uasi ule.

Mgeni anayefika leo anaona nini hasa?

Kumbukumbu iliyopo ilizinduliwa Mei 1964. Ni kazi ya mchongaji Franciszek Duszeńko na msanifu majengo Adam Haupt, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za kumbukumbu za karne ya 20, kwa sababu hawakujaribu kujenga upya chochote.

Njia ya msituni inakufikisha kwenye mataruma. Si ya mbao. Ni mihimili minene ya zege iliyolazwa kwenye mkondo wa reli iliyong'olewa, mmoja mmoja, bila vyuma juu yake. Unayafuata kando hadi kwenye jukwaa la mawe, mahali treni zilipokuwa zikisimama. Hapo ndipo Wanazi walijenga stesheni bandia yenye madirisha ya tiketi yaliyochorwa na saa ya mbao ambayo mishale yake haikusogea, ili wanaoshuka wadhani wanapita tu kwenda mbele.

Kutoka jukwaani uwanja unafunguka. Mawe 17,000 yamesimamishwa juu ya zege linalofunika makaburi ya halaiki. Hayakuchongwa yafanane. Mengine yanakufika gotini, mengine yanakupita kimo, yana ncha na makovu kama yalivyotoka machimboni. Katikati kuna mnara wa mawe ya itale, mita nane kwenda juu, umepasuka toka juu hadi chini, na nyuma yake kimechongwa kinara cha Kiyahudi chenye mataa saba. Mbele kidogo kuna shimo refu lililojazwa mawe meusi ya basalti yaliyoyeyushwa, mahali panapowakilisha uchomaji wa miili.

Usomapo maandishi ya mawe, utaona zaidi ya 200 yana majina ya miji na vijiji: Warsaw, Białystok, Częstochowa, na vingine ambavyo hata Mpolandi wa leo hana habari navyo. Jiwe moja tu lina jina la mtu. Ni la Janusz Korczak, daktari na mwandishi wa vitabu vya watoto aliyeongoza kituo cha yatima katika geto la Warsaw. Agosti 1942 watoto wake wapatao 200 walipochukuliwa, alikataa kuwaacha, akapanda nao treni. Jiwe linamtaja yeye na watoto. Wageni huweka juu yake vijiwe vidogo, kama Wayahudi wafanyavyo makaburini.

Kwa nini majina ya miji badala ya majina ya watu?

Mtu hukumbukwa na waliobaki. Ndugu ndio wanaojua marehemu aliitwaje, alizaliwa lini, azikwe wapi. Katika miji mingi iliyoandikwa kwenye mawe yale, Wayahudi wote walipakiwa kwenye treni kwa siku moja au mbili: babu, mama, mchanga, rabi, fundi viatu, na mwandishi wa daftari la vizazi na vifo. Hakubaki wa kutaja jina. Wauaji nao hawakuandika majina ya waliowashusha Treblinka, walihesabu vichwa na mabehewa. Wachongaji wakachagua kukumbuka kilichoweza kujulikana kwa hakika, yaani mji ambao jamii yake iliisha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema hayo yanatosha. Kuna Wapolandi wa kujitolea wanaokusanya majina kwa kupitia shuhuda, barua na kumbukumbu za familia, na kila tarehe 2 Agosti watu hukutana pale kuukumbuka uasi. Kila jina linalopatikana ni ushindi dhidi ya waliotaka lipotee.

Je, wataalamu wamewahi kuchimba?

Kwa kiasi kidogo sana, na kwa adabu. Sheria ya dini ya Kiyahudi hairuhusu kaburi kusumbuliwa. Kwa hiyo Caroline Sturdy Colls, mwanaakiolojia kutoka Uingereza, alipoanza utafiti mwaka 2010 alitumia kwanza rada ya kupenya ardhini na miali ya leza inayorushwa kutoka angani. Vifaa hivyo vilionyesha mashimo makubwa na misingi ya majengo pale ambapo wakanushaji wa mauaji hayo walikuwa wakidai hakuna kitu.

Baadaye timu yake ilichimba mahali pachache nje ya makaburi. Walipata vibanio vya nywele, vitu vya mapambo, na vigae vya rangi ya machungwa vyenye alama ya nyota nyuma yake. Manusura walikuwa wamesimulia kwamba vyumba vya gesi vilitandikwa vigae ili vifanane na bafu. Alama ile ilikuwa nembo ya kiwanda cha Kipolandi kilichotengeneza vigae hivyo. Kigae cha kawaida kabisa, cha kujengea bafu la mtu yeyote, kikathibitisha kauli za watu waliokuwa wameambiwa wanatia chumvi.

Rwanda mifupa huonyeshwa. Kwa nini Treblinka inafichwa?

Swali zuri, maana wengi wetu tumewahi kufika Nyamata au Murambi, au kuona picha. Rwanda ilichagua kuiacha miili ionekane kwa sababu mauaji ya Watutsi ya 1994 yalikuwa ya juzi na ukanushaji ulianza mapema. Pale Murambi baadhi ya miili ilihifadhiwa kwa chokaa. Uamuzi huo umejadiliwa sana na Wanyarwanda wenyewe, wako wanaotaka wote wazikwe.

Treblinka maiti zilikuwa zimechomwa, na imani ya marehemu inataka majivu na mifupa vilale. Sioni kwamba njia moja ni sahihi na nyingine kosa. Kila jamii ilisikiliza desturi yake ya maziko na woga wake wa kusahauliwa. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza maeneo manne ya Rwanda kwenye orodha ya urithi wa dunia, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero. Auschwitz imo tangu 1979. Treblinka haimo.

Wapolandi waliozikwa Tengeru, Arusha, walikimbia kambi hizi?

Hapana, ingawa vita ni vilevile. Hao walitoka mashariki ya Poland iliyotwaliwa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1939, wakahamishiwa Siberia na Kazakhstan, wakaachiwa, wakapitia Iran, na kufikia Afrika Mashariki kuanzia 1942. Wakati wao wakijengewa vibanda Tengeru, treni zilikuwa zikiingia Treblinka.

Waliohusika waliadhibiwa?

Wachache. Franz Stangl, mkuu wa kambi kwa muda mrefu, alikamatwa Brazil mwaka 1967, akahukumiwa kifungo cha maisha Ujerumani, akafa gerezani 1971. Kurt Franz, wa mwisho kuiongoza, alipewa kifungo cha maisha mwaka 1965 na kuachiwa 1993. Walinzi wengi hawakuguswa.

Nikiwa Poland, nitafikaje na nifanye nini?

Kutoka Warsaw gari ndilo rahisi, kwani usafiri wa umma hadi mlangoni ni wa shida. Pana jengo la maonyesho karibu na maegesho. Anza hapo, uone ramani na vitu vilivyofukuliwa, la sivyo uwanja wa mawe hautakuambia kitu. Tenga nusu siku. Wengi huishia kwenye mnara na kurudi, nami nakuomba uendelee kwa miguu hadi Treblinka ya kwanza, kwenye machimbo ya kokoto na misingi ya mabanda, ambako maelfu ya Wapolandi na Wayahudi walifia kazini au kupigwa risasi. Usikanyage juu ya mawe kutafuta picha nzuri, na usiokote chochote ardhini hata kikiwa kidogo kama punje. Hapo ni makaburini, na mvua bado huleta juu vipande vya mifupa.