Binti Watano Waliokwenda na Hoja

Maandiko: Hesabu 27:1–11, Yoshua 17:3–6

Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Majina haya hatuyahubiri sana, labda kwa sababu ni magumu kutamka, lakini wiki hii nataka tukae nayo kidogo.

Baba yao, Selofehadi, alifariki jangwani bila mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa linapotea pamoja na urithi. Sasa angalia walichofanya. Hawakunung'unika hemani. Walienda mpaka mlango wa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na kusanyiko lote, wakaeleza jambo moja na wanachotaka. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka kwa Bwana, na Bwana akawapa haki. Sheria ya taifa zima ikabadilika.

Sisi wa Manyatta kunung'unika tunajua sana. Mvua ikinyesha, mtaro umeziba, maji yako sebuleni, MCA tunamlaumu mpaka kwa kinyozi. Lakini kikao cha bajeti cha mwaka jana nilihesabu watu wa kanisa letu: sita, pamoja na mimi. Mmoja wetu alisimama akadai madarasa ya shule ya msingi, akapigiwa makofi. Makofi ya bure! Kaunti inashughulika na chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Shule ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa, na madarasa yake mengi yamejengwa kwa pesa za NG-CDF. Hoja ya ndugu yetu ilikuwa nzuri, ila alibisha mlango usio wake.

Basi tujue milango. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya pesa za umma. Makadirio ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukija Agosti kudai mtaro, umebaki kungojea bajeti ya nyongeza. (Nilisomea biashara, mnisamehe.) Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita kwenye bodi ya usimamizi. Ukitaka kuona hesabu za ofisi ya umma, andika barua: sheria ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu.

Twende Yoshua 17. Musa ameshafariki, ardhi bado hawajapewa. Mabinti wale wale wanarudi, wanamkumbusha Yoshua. Mama mmoja aliniuliza Jumanne, "Pasta, hiyo si kukosa imani?" Nikamwambia, mama, walikuwa na neno la Mungu mwenyewe mkononi, na bado waliamka wakaenda.

Kazi ya ushirika wa nyumbani: andikeni jambo moja tu la mtaa wenu, mahali lilipo, na nyumba ngapi zinaumia. Wenye watoto shuleni, ulizeni ni wanafunzi wangapi kwa choo kimoja. Leteni Jumapili, tuandike barua pamoja baada ya ibada ya pili.