Simu imelowa safarini: Je, bima italipa?

WENGI wetu tunaposafiri nchi za nje hukata bima kwa sababu tu ubalozi umeitaka. Anayeomba viza ya nchi za Schengen, kwa mfano, hutakiwa kuonesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tunalipa, tunaambatanisha karatasi na fomu, na habari ya bima inaishia hapo. Wanaoisoma karatasi ile ni wachache mno. Ndiyo maana simu au kompyuta mpakato inapoingia maji huko ugenini, mwenyewe hajui kama ana haki ya kudai au hana.

Kwanza ifahamike kuwa zile euro 30,000 ni za matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani mgonjwa au maiti. Hazihusu mizigo. Sehemu ya mizigo, kama ipo, huandikwa peke yake na ina vikomo vyake: cha mizigo yote, cha kitu kimoja, na mara nyingi cha vitu vya thamani kwa pamoja. Tuchukue mfano. Simu ilinunuliwa dola 400 miaka miwili iliyopita, na kikomo cha kitu kimoja ni dola 250. Kampuni ikihesabu uchakavu na kusema leo ina thamani ya dola 200, kisha ikatoa dola 50 ambazo mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila hasara, atakachopata ni dola 150. Si 400, wala si 250.

Pili, bima hulipa ajali, yaani jambo la ghafla lisilotarajiwa. Bomba la hoteli limepasuka usiku na maji yakajaa chumbani, hiyo ni ajali. Simu iliyoachwa ukingoni mwa bwawa la kuogelea itaitwa uzembe. Chupa ya mafuta au ya maji iliyovuja ndani ya begi lako mwenyewe, hati nyingi zimeitoa kabisa, na nyingi pia hazilipi kompyuta au kamera iliyowekwa katika begi la chini ya ndege. Na usitegemee tangazo la kwamba simu haipitishi maji. Vipimo vile hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, wala si maji ya bahari, na dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haigusi uharibifu wa maji. Ndani ya simu nyingi mna kibandiko kidogo kinachogeuka rangi kikiguswa na maji. Fundi akifungua, ataona.

Likitokea, zima simu na usiichaji. Kuizika ndani ya mchele hakusaidii. Vumbi lake linaweza kuidhuru zaidi. Piga picha ya mahali na ya kifaa, omba barua ya hoteli, na upate maandishi ya fundi yanayotaja kuwa chanzo ni maji na kama kifaa kinatengenezeka. Usikitupe, kwani kampuni inaweza kukitaka. Risiti na namba ya IMEI (huonekana ukibonyeza *#06#) viandike nyumbani kabla ya safari, maana simu ikishakufa kuipata ni taabu. Kama begi lilichukuliwa na ndege likarudi limelowa, ripoti kabla hujatoka uwanjani, na malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7, kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1999. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha mzigo kwa abiria ni SDR 1,519, takriban dola 2,000.

Sasa tuje kwenye lile linalosemwa vijiweni: "Sema imeibiwa, ndiyo watalipa haraka." Wapo wanaoongeza kwamba bima yenyewe ina utata, kwa hiyo kuwachukulia fedha zao si dhambi. Hoja hii ni mbovu. Ni kweli Jopo la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jeddah, mwaka 1985, lilikataza bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya ushirikiano, ambayo leo tunaiita takaful. Lakini utata wa mkataba haumpi mtu ruhusa ya kusema uongo. Na kwenye takaful ni wazi zaidi: fedha unazodai zimechangwa na wenzako.

Hata kwa hesabu za dunia, ndugu msomaji, uongo huu hauna faida. Dai la wizi huhitaji ripoti ya polisi, na kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili. Ikigundulika simu "iliyoibiwa" bado inatumika kwa IMEI ileile, kampuni inaweza kukataa dai zima, pamoja na lile begi lililoharibika kweli. Tena husababisha msafiri mkweli anayekuja baada yake ashukiwe bure.

Andika kilichotokea, kwa tarehe na saa, hata kama sehemu yake inakuumiza. Wakikataa, dai wakuoneshe kwa maandishi kifungu walichotumia. Kwa bima iliyokatwa Tanzania, usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) au kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, ukiwa na nakala za karatasi zako zote.